Mimba Iliyobebwa Kwenye Foleni ya Segerea

Saa nne asubuhi mwalimu wa chekechea alimrudisha Najat getini, mkononi kashika begi la mtoto, chupa ya maji na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa hakijaonekana.

"Mama Najat, usinichukie," mwalimu alimwambia Chausiku. "Mie niko peke yangu na watoto thelathini na mbili. Kengele imelia tu, mwanao kaingia chini ya meza anapiga mayowe, na aliyejaribu kumtoa kamng'ata. Mpeleke kwanza hospitali wamwangalie."

Hicho kilikuwa chekechea cha pili kumrudisha, na Najat alikuwa na miaka mitatu na nusu. Chausiku hakubishana. Alimfunga mgongoni kwa kanga, ingawa mtoto alikuwa ameshakuwa mzito kwa kubebwa, wakarudi nyumbani Tandika kwa vichochoro vya nyuma. Barabara ya mbele ilikuwa na mafundi wa mageti, na mlio wa mashine ya kukatia vyuma ulikuwa ukimfanya Najat ajikunje na kutetemeka kama anayepigwa.

Nyumbani, mama mkwe wake Bi Munira alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Wamemrudisha?"

"Wamemrudisha, mama."

"Niliyasema mie. Mimba ile uliililia mno. Machozi yote yamemwingia mtoto."

Chausiku aliinama akamvua mtoto kiatu kile kimoja, kisha akaenda kukaa kwenye cherehani yake. Alikuwa na sare za shule za kushona. Alitia uzi kwenye sindano mara tatu, mara zote tatu ukachomoka.

Jambo ambalo Bi Munira hakulijua ni kwamba Chausiku hakuwahi kulia.

Mimba ilikuwa na miezi mitatu siku mumewe Twalib alipokamatwa. Alikuwa mtunza ghala la mfanyabiashara mmoja kule Kurasini. Mzigo ulipotea, wote waliokuwa na funguo wakachukuliwa, na Twalib akapelekwa mahabusu kwenye gereza la Segerea. Kesi ikaanza kuahirishwa. Kila ilipotajwa walikwenda mahakamani, wakaambiwa upelelezi haujakamilika, wakapangiwa tarehe nyingine. Mwenye nyumba waliyopanga Mtoni hakutaka maneno ya watu, akamtaka Chausiku ahame. Ndipo alipohamia kwa mama mkwe na cherehani yake na magodoro mawili.

Siku ya kwanza tu Bi Munira alimwonya: "Usilie, mwanangu. Ukilia, unamliza na aliye tumboni." Aliyasema kwa huruma, lakini Chausiku aliyabeba kama amri. Kilio kilipomjia alikimeza. Akaanza kuogopa hata hofu yake mwenyewe. Moyo ukimwenda mbio alijishika tumbo na kumwomba mtoto radhi.

Kila Jumamosi alikwenda Segerea. Alitoka alfajiri na hotipoti ya wali, akabadilisha magari mara mbili, akasimama kwenye foleni na wake za watu wengine na mama za watu wengine. Kabla ya kuingia alipaka wanja, akajifunga kanga safi juu ya ile ya safari. Twalib akimwuliza hali, alijibu, "Mie mzima. Mtoto anacheza. Majirani wananisaidia sana." Hakumwambia kwamba ametolewa kwenye nyumba ya Mtoni. Hakumwambia kwamba kliniki walimkuta na presha, wala kwamba Jumamosi moja alianguka palepale kwenye foleni, akazinduka kichwa kikiwa mapajani mwa mama mmoja asiyemjua, anampepea kwa kipande cha boksi.

Najat alizaliwa mimba ikiwa na miezi minane kasoro wiki, ana kilo moja na gramu mia nane. Mama yake alimlaza kifuani ngozi kwa ngozi wiki tatu wodini. Twalib alipelekewa habari kuwa mtoto kazaliwa salama. Mtoto alipofika miezi miwili, kesi ikafutwa, baba akarudi nyumbani amekonda, akamkuta binti yake anayelia tangu adhuhuri hadi magharibi bila kunyamazishika. Yeye alidhani watoto wote wako hivyo.

Sasa, baada ya chekechea cha pili, Chausiku alimwambia, "Baba Najat, safari hii hospitali siendi peke yangu. Nimechoka." Twalib akaomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu.

Mhudumu wa kitengo cha maendeleo ya watoto aliitwa Anastasia, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Hakuanza na maswali. Alikaa sakafuni, akamwaga vizibo vya soda kwenye sinia ya plastiki na kuvipanga, hamwangalii Najat hata kidogo, mpaka mtoto mwenyewe akasogea. Kisha akamtazama akicheza karibu nusu saa. Masikio yalishapimwa chumba cha jirani, yalikuwa mazima. Baadaye akanyanyuka, akachukua faili.

"Ana maneno mangapi?"

"Sita. Saba tukihesabu 'maji'," alijibu Chausiku.

"Na mimba yake ilikuwaje, mama?"

"Ya kawaida."

Anastasia aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Kila mama ananijibu hivyo. Niambie ulivyokuwa ukiishi. Ulikuwa unalala? Unakula? Ulikuwa na nani?"

Chausiku alitaka kusema tena kwamba ilikuwa ya kawaida, lakini nguvu ya kuisema hakuipata. Akaeleza akiwa anaangalia sinia. Alieleza habari za mwenye nyumba wa Mtoni, presha, foleni, kuanguka, yule mama wa kipande cha boksi, na kilio alichokatazwa nyumbani. Alieleza kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma orodha ya vipimo vya nguo. Alipomaliza, vizibo vya Najat vilikuwa bado vinagongana.

"Ulianguka?" Twalib aliuliza. "Ulianguka ukaja kuniambia mzima?"

"Ningekuambia, ungefanya nini na wewe uko mule ndani?"

Twalib aliinuka, akatoka nje, na kupitia dirishani Chausiku alimwona amesimama mbele ya ukuta, kaushika kwa viganja vyote viwili.

"Kwa hiyo ni kweli," Chausiku alimwambia Anastasia. "Mie ndiye niliyemharibu."

"Sikiliza vizuri, maana watu hulisikia nusu. Mama akikaa na hofu miezi na miezi, mwili wake unatoa kemikali za hofu, na nyingine zinamfikia mtoto. Ubongo wake unajijenga huku ukijiandaa kwa dunia ya hatari. Akizaliwa, wengine wanakuwa na mshtuko wa haraka, usingizi mgumu, maneno yanachelewa. Wengine hawapati chochote. Na huyu kazaliwa njiti, kabla ya siku zake, hilo nalo lina mchango wake. Kwa hiyo sikuambii sababu ni hii. Nakuambia inawezekana imechangia."

"Kama nisingekuwa na hofu…"

"Mumeo yuko mahabusu, umetolewa kwenye nyumba, uwe huna hofu? Hofu haikuwa kosa lako, mama. Ulichokosa ni mtu wa kuibeba na wewe. Na machozi hayamdhuru mtoto, hilo waambie wote nyumbani. Ubongo wa huyu bado unajengwa. Tuna kazi ya kufanya, lakini ni ya polepole na itawachosha. Sikudanganyi."

Hapo ndipo Chausiku alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, kilio cha miaka minne. Najat aliacha vizibo akamtazama. Chausiku alisubiri mayowe, kwa kuwa sauti yoyote kubwa ilileta mayowe. Mtoto alikuja, akamwekea kizibo kimoja kwenye paja, akarudi kwenye sinia yake.

Kazi ikawa kama walivyoambiwa. Kila baada ya wiki mbili walikwenda hospitali. Nyumbani kila jambo lilifanywa kwa saa ileile: kuoga, kula, kulala. Kabla ya kelele yoyote waliyojua kuwa inakuja, Najat aliambiwa kwanza. Twalib akirudi kazini alikaa naye kwenye mkeka nusu saa, anataja kila kitu anachokishika, na mara nyingi alikuwa akisinzia katikati ya neno. Zilikuwepo wiki ambazo hakuna lililobadilika. Zilikuwepo siku Chausiku alifunga mlango wa chooni akakaa humo ili tu asiguswe na mtu.

Bi Munira naye aliambiwa habari ya machozi.

"Mie niliambiwa vile na mama yangu," alisema. "Nami nilibeba mimba saba nimeuma meno."

Hakuomba radhi, na Chausiku hakuitaka. Lakini kuanzia wiki ile alimchukua Najat kila alasiri, akakaa naye uani wanachambua mchele, mmoja anatoa mawe, mwingine anayarudisha.

Januari hii Najat ametimiza miaka mitano, ameanza darasa la awali shule ya msingi ya jirani. Anaunga maneno matatu, mara nyingine manne. Mwalimu amemweka karibu na mlango, na kengele ikikaribia kulia anamgusa bega. Bado anaziba masikio. Bado kuna asubuhi anagoma kuvaa sare kwa sababu kola inamkwaruza, na mama yake, fundi mwenyewe, ameshaifumua na kuishona upya mara mbili.

Chausiku anashona simu ikiwa juu ya cherehani, isije ikaita asiisikie. Wiki iliyopita shule walimpigia mara mbili akamchukue. Wiki hii bado hawajapiga, na leo ni Jumatano.