Shangazi wa Kwenye Kioo

Kila aliyempelekea Fundi Sponji kochi la kushonwa alijua kwamba huyu bwana hana mazoea na wanyama. Paka akijilaza kwenye kitambaa kipya pale karakana, alitimuliwa kwa maneno yasiyofaa kuandikwa. Ndiyo maana jirani aliyekuja jioni moja kuazima ngazi, akamkuta fundi amepakata kisanduku cha kioo na kupiga soga na buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja, alirudi kinyumenyume bila kuaga. Ngazi akaenda kuiazima kwingine.

Buibui yule, wa aina ya tarantula, alikuwa wa binti yake. Binti alimwita Shangazi kwa sababu hukaa pembeni kimya na kila kitu anakiona. Mama mtu alikwisha kufariki siku nyingi. Binti alipopata kazi ng'ambo, buibui hakuruhusiwa kwenye ndege, akabaki na baba. Tangu hapo simu zikawa za Jumapili, nazo zilianza vilevile: "Shikamoo, Baba. Shangazi anaendeleaje?" Fundi alieleza jinsi Shangazi alivyomkamata panzi, alivyochimba udongo, alivyonuna. Habari za Shangazi zikiisha, na simu iliisha. Fundi hakuwa mjinga, alilijua hilo. Shangazi akifa, yeye na mwanawe wangebaki na nini cha kuongea?

Basi Shangazi alipoanza kuumwa, fundi aliingiwa na hofu. Miguu ilimcheza ovyo, kila mmoja na safari yake. Panzi alipita mbele ya macho yake, na macho anayo manane, asijishughulishe naye. Fundi akambadilishia maji kila jioni kwa mkono wake mwenyewe. Akamsogeza karibu na taa apate joto. Akamtoa kwenye kioo na kumpakata muda mrefu zaidi, akimbembeleza kama mtoto mwenye homa. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, ambaye huuza pia kasa na viumbe vingine vya ajabu.

"Huenda anataka kujivua gamba," muuza samaki alisema. "Ukimkuta amelala chali, usimguse, muache amalize."

"Halali chali. Anatetemeka, anayumba kama mlevi."

"Hapo mzee wangu umenizidi."

Jumapili hiyo fundi alidanganya. "Mzima kabisa," alimwambia binti yake, "anakula mpaka namwonea aibu." Binti akacheka, akaaga. Fundi akaiweka simu, akaenda kumbadilishia Shangazi maji.

Wiki iliyofuata aliitwa mji wa jirani kushona upya viti vya ukumbi. Alimwachia Shangazi maji, akaondoka akiwa na hakika kwamba atarudi kuzika. Aliporudi, Shangazi alikuwa juu ya kipande chake cha gogo, ametulia, miguu imara. Fundi alifurahi mpaka akasahau kuvua viatu. Akampakata jioni nzima kumsimulia habari za safari. Kesho yake, miguu ikaanza tena kucheza.

Hapo ndipo ufundi ulipomjia. Mteja akilalamika kwamba kochi lake linalia, fundi haanzi na kochi, huuliza kwanza nani hulikalia. Sasa akajiuliza: nani hukaa na Shangazi? Akatazama mikono yake. Mchana kutwa ilikuwa ikipaka fremu za mbao dawa ya mchwa, kisha jioni ikaingia kwenye maji ya Shangazi. Na shati lile lile la kazi ndilo alilompakatia. Dawa inayoua mchwa haimuulizi buibui anaitwa nani.

Zamani haikuwa hivyo. Binti alikuwa akimzuia mlangoni. "Baba, kwanza bafuni," alisema, na fundi alitii akinung'unika. Binti alipoondoka hakubaki mtu wa kumzuia, naye akawa anaingia moja kwa moja, anakula na vumbi lake, analala nalo.

Akabadilisha udongo na kuosha kioo, akiwa ameoga na kuvaa glavu mpya. Kisha akamweka Shangazi kwenye rafu ya upande wa pili wa chumba, kwa maana tiba yenyewe ilikuwa yeye kukaa mbali. Jioni hizo zilikuwa ngumu. Alikula akiitazama rafu, bila wa kumsemesha, na upweke ulimuuma waziwazi. Lakini miguu ya Shangazi ikaanza kutulia.

Simu ikaja.

"Shikamoo, Baba. Shangazi anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Anapona. Nilikuwa namuua mimi." Akaeleza yote, dawa, shati, na uongo wa Jumapili ile.



"Kwa hiyo tangu niondoke unashinda na nguo za kazi mpaka unalala?"

"Nani wa kuniambia nivue?"

Binti akavuta pumzi. "Na wewe, Baba? Wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Habari za Shangazi fundi alikuwa nazo tele, lakini za kwake hakuwa ameziandaa.

"Naoga," akasema mwishowe. "Siku hizi naoga kwanza."

"Haya," binti akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Endelea, Baba. Nasikiliza."