Boga Nililomwomba Mungu

Nakumbuka asubuhi moja hapa Muscat niliingia jikoni nikakuta boga juu ya meza. Boga zima, limepanguswa likang'aa, kikonyo kimeelekezwa mlango wa chumba changu. Mwanangu, sijawahi kukutana na simba, lakini nadhani anayekutana naye hurudi kinyumenyume kama nilivyorudi mimi.

Nakueleza wewe unayejiandaa kwenda Amerika, unayeniambia kila siku kwamba kule mtu yuko huru, katiba inamlinda. Sikatai. Mimi niliishia darasa la nne, siwezi kubishana na katiba. Lakini nimeishi na Wamarekani nyumba moja, mtaa wa Azaiba, nikiwafanyia kazi za ndani, na majina yao nayataja: Bwana Wesley na mkewe, Madam Darlene. Wakiambiwa nimewataja, sawa.

Hawakunipiga. Hawakuninyima chakula. Sebuleni walitundika katiba yao ndani ya fremu, na wiki ya kwanza Bwana Wesley alinisimamisha mbele ya fremu hiyo. "Joyce, humu ndani mwombe Mungu wako utakavyo. Kwetu hata rais hawezi kumkataza mtu." Nilitokwa machozi, maana nyumba niliyotoka nilikuwa naomba nimejifunika blanketi.

Na kwetu Usambaa, sisi tuliookoka hatunong'oni. Ombi la kimyakimya bibi yangu aliliita ombi la mwizi. Basi kila jioni, vyombo vikishaoshwa, nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikamweleza Mungu mambo yangu kwa sauti, kwa Kiswahili. Darini palikuwa na kidude cheupe chenye taa nyekundu. Waliniambia kinanusa moshi.

Niliomba mgongo upone. Asubuhi nikakuta dawa ya kuchua juu ya meza. Nikamwambia shingo inauma. Nikakuta mto. Nikamwambia Mungu nimetamani majani ya chai ya nyumbani, na haikupita wiki, pakiti hiyo hapo, imeelekea mlango wangu. Madam Darlene alinitazama tu ninavyovichukua, akitabasamu kama mtu anayelisha paka. Mimi nikajiona nabii.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuwena, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Aliniambia binti yake anayekaa Al Amerat, nje kidogo ya mji, anatafuta mfanyakazi, na kila mwaka angenipa likizo niende kwetu. Mama yangu macho yalikuwa yanaingia giza. Alinipigia simu akasema, "Njoo nikuone ningali naona." Na mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu: kama Al Amerat siyo njia yangu, nizuie kesho.

Kesho yake Bwana Wesley akaniletea mkataba mpya, wa miaka miwili, na kalamu. Nikasaini huku nashukuru.

Bi Zuwena aliposikia alinisimamisha mlangoni kwake. "Umesaini kwa nini?"

"Mungu kanizuia, bibi." Nikamsimulia dawa, mto, chai.

"Mungu huyo wako huenda dukani?"

"Usikufuru, bibi."

"Sikufuru, mwanangu. Nnakuuliza. Kitu gani wewe huli?"

"Boga. Linanitapisha tangu utoto."

"Basi leo omba boga. Lililie hasa. Mwenyezi Mungu ajua kama huli. Likija, ujue aliyelileta hajui."

Nilicheka njia nzima. Jioni nikapiga magoti nikalililia boga mpaka nikajionea aibu.

Asubuhi ndiyo ile.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Taa nyekundu ikapepesa, ikatulia, ikapepesa. Nikakumbuka yote niliyoyasema chini yake: dhambi zangu, mume aliyenikimbia, mtoto niliyemzika. Mwenye sikio alikuwepo siku zote.

Nikawauliza mezani, kwa Kiingereza changu cha jikoni. Hawakukana: kidude kilinasa sauti yangu, na simu yao ikawatafsiria Kiswahili changu. Bwana Wesley alipaka siagi mkate wake mpaka ukingoni. "Serikali ikinisikiliza mimi chumbani, naishtaki," akasema. "Katiba inaifunga serikali, Joyce. Mimi si serikali. Hii ni nyumba yangu."

Madam Darlene akaongeza kwa upole, "Mbona kila ulichoomba tulikupa?"

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kuwa nilikuwa nimeshasaini, mwana wa kiume wa Bi Zuwena alikwenda kuzungumza nao, akarudi, akaenda tena, mpaka wakaniachia, na miezi ilikuwa imekwisha pita. Nilipofika kwetu mama alinishika uso kwa vidole, polepole, kama anayetafuta kitu. "Umekonda," akasema. Hakuniona tena.

Siku hizi nimerudi Muscat, nawapikia chapati mafundi wa gereji, mtaa wa Ghala. Darini kwangu hamna kitu, nimekagua. Lakini siombi kwa sauti tena. Naomba kama mwizi. Juzi nilitamani embe, moyoni tu, sikufungua mdomo, nikatoka nikalikuta mlangoni. Jirani kasema kaliweka yeye. Sikulila.

Mwanangu, katiba ni ua uliojengwa kumzuia mkubwa wa nchi, nao ni mzuri. Lakini ndani ya ua watu wanabaki na watu, na huko kinachomzuia mtu ni haya yake tu. Ukifika, usitosheke kuuliza sheria inakataza nini. Mtazame mtu anajizuia nini pale ambapo hakuna wa kumkataza. Nawe siku utakapokuwa na nyumba, na mtu dhaifu analala ndani yake, jizuie. Anayekupa kila unachotaka kabla hujamwambia, muulize amejuaje.

Nenda salama. Mungu akufungulie, akulinde na wenye masikio, na akupe hata lile usilolitamka, kwa mkono wake mwenyewe.