Mikono Thelathini na Miwili ya Kushoto

Shangazi yangu ni fundi wa nguo, na adui yake alishona upande wa pili wa ukuta wa mbao. Tulimwita Kola, maana kola zake zilikaa shingoni kama zimezaliwa hapo. Lakini ulimi wake! Aliwaambia wateja kwamba Shangazi huiba vitambaa. "Mpe mita tatu, atakurudishia sketi na pole." Uvumi ukafika kanisani, na kwaya ikamnyima Shangazi kazi ya majoho iliyokwisha kumwahidi. Ikampa Kola.

Nikawaka. Nikaenda dukani kwa Shangazi nikitaka tumshtaki Kola kwa wazee wa kanisa siku hiyo hiyo.

"Kaa chini, mwanangu, unanizibia mwanga."

"Shangazi, amekuchafulia jina!"

"Najua, na linaniuma. Nataka lisafishwe. Ila Bwana aliniagiza nimpende huyu, hakuniagiza nisubiri kwanza anipendeze."

Kila asubuhi, akitia mafuta cherehani, alimwombea: tone moja kwa macho ya Kola, moja kwa mgongo wake, moja kwa mteja wake wa kwanza. Kisha aligonga ukuta. "Umeamkaje, jirani?" Alijibiwa na cherehani tu. Mteja akija na kitambaa cha koti, alimwelekeza kwa Kola.

"Lakini anakusema vibaya, mama!"

"Koti hashoni kwa mdomo. Nenda."

Mimi nilikuwa nimesikia mahubiri mengi kuhusu upendo, nikayapigia makofi, nikatoka na kinyongo changu kikiwa kizima. Pale dukani upendo ulikuwa kazi ya mikono, na ulifanywa kila siku.

Alhamisi mchana cherehani ya Kola ilinyamaza. Tukasikia mguno. Shangazi akaenda, nami nyuma yake. Kola alikuwa sakafuni, amezungukwa na mikono ya majoho kumi na sita.

"Umejikata?"

"Heri ningejikata."

Kitambaa kilikuwa na upande unaong'aa na upande uliofifia. Badala ya kukikunja nyuso ziangaliane, alizipanga tabaka zote zikitazama juu, akakata. Mikono thelathini na miwili, yote ya kushoto. Duka lililokiuza kitambaa limeishiwa, na kwaya inaimba Jumapili.

"Haya, nenda ukawaambie," alisema. "Siku yako imefika."

Shangazi akainua mkono mmoja, akainua wa pili, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Kola! Kwaya nzima ya mashoto!"

Kola alijikaza, midomo ikamponyoka, naye akacheka huku machozi yakimtoka.

Shangazi akaugeuza mkono mmoja ndani nje. Ukawa wa kulia.

"Lakini haung'ai," Kola akasema.

"Basi usiong'aa uwe ndio mtindo. Kola za shingoni umeshazikata?"

"Bado."

"Zikate za upande huo huo uliofifia. Watadhani tulikusudia."

Waling'oa mbao mbili za ukuta ili wapitishiane kazi, wakashona siku mbili wakibishana kuhusu pindo kama ndugu wa tumbo moja.

Jumapili kwaya iliingia, mkono mmoja unawaka, mwingine umetulia, na shingo zote kanisani zikageuka. Baada ya ibada kiongozi wa kwaya alimshika Kola bega mbele ya watu.

"Fundi, akili hii umeitoa wapi?"

Kola akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anafunua kitabu cha nyimbo kana kwamba hamjui mtu. Nilishika kiti. Kola angeweza kusema asante tu, na jina la Shangazi lingebaki matopeni.

"Hii si akili, ni kosa langu," alisema kwa sauti. "Aliyelirekebisha ni yule niliyewaambia ni mwizi. Hajaiba hata uzi. Nilimsingizia kwa sababu wateja wake walitoka wakicheka, na wangu walitoka wakiwa na kola tu."

Watu wakacheka. Kiongozi akamgeukia Shangazi aombe radhi, lakini yeye alikuwa amekwisha dakia: "Jamani, na kola mmeziona lakini? Msifuni basi!"

Nilipiga kelele za furaha kuliko kwaya nzima, na sioni aibu.

Jumatatu Shangazi alikuwa ndio kwanza anatia tone la kwanza la mafuta, pengo la ukuta likaongea.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama, Kola. Leo unakata mkono gani?"