Alama ya Mshale wa Lewa

Mwanatatu hakuwahi kusoma barua wala gazeti. Alichojua kusoma ni mishale. Kwao Waata, kila mwindaji hukata alama yake kwenye mshale, ndovu akianguka ijulikane ni wa nani. Baba yao aliwachorea alama hizo mchangani, yeye na mdogo wake Lewa, huko ng'ambo ya mto Galana, kando ya visima vilivyochimbwa na mababu. Kisha serikali ikaifanya nchi ile mbuga ya wanyama, na wenye visima wakaitwa wezi. Mwanatatu akaolewa Chaani, kule Changamwe, akawa muuza makaa.

Mwaka wa hamsini na saba alikuja karani wa mbuga, kaptula imepigwa pasi, mkononi ana mshale uliofungwa kitambaani. Alimwamkia shikamoo mbele ya wateja. Akasema ameambiwa Changamwe nzima hakuna ajuaye mambo ya kale kama yeye. Mshale huu umeokotwa, nao wanataka kumrudishia mwenyewe.

Jirani yake Mwanasaumu akacheka. "Leo mwalimu wetu wa makaa kapata mwanafunzi mwenye viatu."

Mwanatatu alijipangusa masizi, akapapasa ile mikato mitatu na kitone chake. "Wa ndugu yangu, Lewa," akasema, na moyo ukamjaa raha.

Lewa alifungwa miaka mitatu.

Alipotoka alifikia kwa dada yake, amekonda, shingo imebaki mishipa. Mwanatatu akampikia wali na kunde. Huku akila, Lewa alieleza kwamba aliyemchongea ni binamu yao Boga, hapana mwingine, na kesho atakwenda kuvunja udugu naye mbele ya wazee. Boga huyo ndiye aliyewalisha watoto wa Lewa muda wote wa kifungo.

Mwanatatu angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza miaka mitatu, na jina la mwalimu lilikuwa limemganda. Kila aliyemwita hivyo, Mwanatatu aliona anamtemea mate.

"Si Boga," akasema. "Niliwasomea mimi."

Tonge likabaki mkononi mwa Lewa. "Walikutisha, dada?"

"Hapana."

"Walikupa nini basi?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayemtafutia mwenzake udhuru.

Mwanatatu alitazama kucha zake zenye masizi.

"Walinisifu."

Lewa akalirudisha tonge sahanini, akanawa mikono. Alisema anakwenda kwa Boga leo hii, kumshukuru. Hakusema kama atarudi.