Nilimnyang'anya nafasi kwenye igizo, nikaja kumwigiza msibani kwake

Wakuu, habari za jioni.

Nimepitia ule uzi wa vijana wanaopanga waigizaji wapya wa filamu ya zamani ya mapenzi, kama ikitengenezwa upya. "Huyu kazeeka, mtoeni, wekeni yule mrembo." Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikazima simu.

Casting ya namna hiyo niliwahi kuifanya kwa mkono wangu. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoaibika.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana Iringa mjini. Mimi ni Mngoni, kwetu Songea.

Walimu tulikuwa na kikundi cha maigizo. Igizo letu kubwa lilikuwa la enzi za vita vya Wangoni na Wahehe. Askari wa Kingoni anaachwa nyuma na jeraha, binti wa Kihehe anamficha kwenye ghala la ulezi la baba yake. Mwisho wanagundulika, na binti anasimama mbele ya mkuki.

Askari nilikuwa mimi. Binti alikuwa Yustina, mwalimu mwenzangu, Mhehe wa Idodi.

Asiulize mtu kama tulikuwa wapenzi. Hatukuwa. Tulikuwa watani tu, kama walivyo Wangoni na Wahehe wote. Asubuhi ananisalimia, "Kamwene, mwizi wa ng'ombe," namrudishia la kwangu, tunaingia darasani.

Ila jukwaani alikuwa mtu mwingine. Kabla ya kusema neno alikuwa anavuta fundo la kitambaa chake kisogoni, anaangalia chini kidogo. Ukumbi mzima unanyamaza.

Siku moja aliniambia kwamba akiwa pale juu ndipo anapojiona mtu. Nyumbani kwake maigizo yalihesabika upuuzi, na mumewe hakuficha.

Nikahamishiwa Mbeya, upande wa Uyole. Baada ya miaka kama minne tukaanzisha kikundi huko, tukakubaliana kulirudia igizo lile. Kupanga waigizaji nikapewa mimi.

Kwa furaha nikamwandikia Yustina siku ileile: "Jiandae, nafasi yako ipo palepale."

Wiki mbili baadaye akaja Tumpe, binti wa Kinyakyusa, miaka kumi na tisa, sauti nzuri, sura ndiyo usiseme. Nikaanza hesabu zangu. Yustina ana watoto watatu, mwili umebadilika, binti wa ghalani lazima awe binti.

Nikafuta jina lake, nikaandika Tumpe. Yustina nikamweka awe mama wa binti.

Wakuu, sikumwandikia kumwambia. Nilijipa moyo kwamba akifika ataelewa, mtani haogopi mtani. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Alifika na basi kutoka Iringa, mwezi wa sita, baridi ya Uyole mnaijua. Orodha ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Aliisoma akiwa bado ameshika mkoba wake.

Nilisubiri anitukane. Angenitukana kitani, mambo yangeisha palepale.

Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, mimi ndiye mama yake?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniita mwalimu.

Nikamjibu, "Nyie Wahehe mnazeeka haraka." Wenzangu wakacheka. Yeye akakaza kitambaa chake, akasema anakwenda kumsalimia ndugu yake mjini. Kesho yake alipanda basi la kurudi.

Igizo lilifana. Tumpe aliweza, sitamwonea. Nikasema likizo nitakwenda Iringa kumwomba radhi. Likizo ikapita, na ya pili ikapita, kila mara nina sababu.

Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka posta. Yustina amefariki, homa ya siku nne.

Nilifika Idodi siku ya mazishi. Mdogo wake ndiye aliyenipokea. Akaniambia bila hasira kwamba dada yake aligombana na mumewe mwezi mzima ili aruhusiwe kuja Mbeya, na kwamba maneno ya binti wa ghalani alikuwa anayarudia shambani huku anapalilia. Hakujua kilichotokea Uyole. Yustina hakumsimulia mtu.

Sasa kwa wasiojua: kwetu mtani ana kazi msibani. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, ili wafiwa wapoe. Na lolote atakalosema mtani, hakuna ruhusa ya kukasirika.

Pale msibani Mngoni nilikuwa peke yangu.

Akina mama wakaleta gauni lake na kile kitambaa. Mmoja akasema, "Vaa wewe, ulikuwa unaigiza naye. Unamjua."

Nikavaa. Nikavuta fundo kisogoni, nikaangalia chini. Vicheko vikaanza, maana ni yeye kabisa.

Ndipo nikasema kwa sauti yake: "Mimi Yustina, Mngoni huyu aliniahidi nafasi. Nimeisoma shambani mpaka mahindi yakaijua. Nafika Uyole, kampa mtoto mdogo. Kaniambia nimezeeka mbele za watu. Na radhi hajaniomba mpaka nimekufa."

Nilikuwa nalia, wakuu. Kilio cha kweli, kamasi na yote.

Walicheka zaidi. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Nikapiga magoti mbele ya mama yake, nikamwambia, "Mama, ni kweli, nilimkosea." Mama wa watu alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga.

Akanishika mkono. "Asante, Mngoni. Umetupoza. Kweli wewe ni mwigizaji."

Nimezeeka nayo hiyo asante.

Nilichojifunza: jina unalolifuta kwenye orodha lina mwenyewe. Mfuate umwambie usoni, mapema, akiwa bado na nafasi ya kukutukana.

Wahehe mliomo humu, na Wangoni wenzangu, naomba mnijibu kwenye comments bila kunionea huruma. Mtani akikosa kweli, anaombaje radhi mpaka aaminike?