Kunyimwa Hata Unguruwe

Mwalimu Erlinda alitoka Ufilipino kuja kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya masista hapa mjini Lampang, nikiwa darasa la kwanza. Sasa niko sekondari, na bado kila asubuhi anasimama getini, watoto wanakutanisha viganja kumsalimia. Hapa kwetu kila mtu ana jina la utani tangu utotoni, na mgeni tukimpenda tunampa lake. Yeye hakuwahi kusikia akiitwa lolote.

Muhula huu akaja Mwalimu Declan kutoka Ireland, mnene na mcheshi. Siku ya pili tu watoto wakambatiza Muu, yaani nguruwe kwa lugha yetu. Alifurahi utadhani kavishwa taji.

"Muu! Njoo ule!" wanamwita kantini, ambako mama yangu anauza tambi nami namsaidia.

Jana Mwalimu Erlinda aliacha tambi zake zipoe akiwatazama watoto na Muu wao kwenye meza ya pili.

"Siku mbili, Nim!" akaniambia. "Mimi nimefundisha mpaka kaka zao. Hata unguruwe nimenyimwa?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Ticha, mbona unalo! Tangu niko darasa la pili. Tunaogopa tu kukwambia."

"Lipi?"

"Prik," nikanong'ona. Pilipili.

Midomo ilimcheza. Kisha akageukia meza ya pili na kupaza sauti: "We Muu! Wewe wanakuita mbele yako kwa sababu hawakuogopi!"

Declan akaweka kijiko chini, uso umemshuka. "Kwani mimi sitishi hata kidogo?"

Mwalimu Erlinda akaanza kula.