Tyubu Mbili Kiunoni

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la mahindi Kitale, mapema miaka ya elfu mbili, nyapara alinifunga tyubu ya baiskeli kiunoni, akaivuta hadi macho yakanitoka.

"Sasa umeiva. Hii tyubu inabeba nusu ya gunia. Nusu yake, nusu yako."

Niliamini kabisa. Gunia lilikuwa kilo tisini, nami nilikuwa nimetoka kumaliza ngumbaru kule Tuwan, masomo ya jioni ya watu wazima, hesabu za sehemu zikinichemka kichwani. Nikapiga hesabu: tyubu moja nusu, mbili gunia zima. Kesho yake nikaja na mbili, hesabu yangu nikiitangaza.

"Ati leo wewe ni matembezi tu?" wapakiaji wenzangu wakanicheka.

"Si mtaona, bana!"

Tulipakia hivi: unainama miguu imenyooka, unalinyakua gunia, unazungusha kiuno hadi litue begani, kisha unapanda ubao hadi juu ya staki, yaani magunia yaliyopangwa karibu kufika paa. Siku hiyo nilibeba magunia elfu moja, na mengine sikuhesabu. Nikihisi uzito, nakaza tyubu.

"Huyu amesoma!" nyapara akanisifu.

Baadaye nikahamishiwa ghala la Bungoma, mimi na tyubu zangu. Huko ndiko mgongo ulikoshika nikiwa nimeinama. Nikabaki nimepinda kama ndoano, naangalia punje za mahindi sakafuni.

Nyapara wa Bungoma hakuwa na maneno mengi. "Asiyebeba leo, kesho siandiki jina lake."

Nilikuwa na mke na watoto watatu, na kazi nyingine sikuijua. Nikapaza sauti kutoka chini kule: "Jameni, nileteeni tyubu ya tatu!"

Aliyekuja ni stookipa, yaani mtunza ghala, mama wa makamo. Alinifungua zile mbili, akamwambia nyapara jina langu libaki, nitasukuma toroli hadi nipone. Nyapara akanung'unika, akaandika.

Nilipona, nikapakia miaka mingi baada ya hapo. Leo nimestaafu, na kamba za viatu najifungia mwenyewe, jambo ambalo wengi wa rika langu wamewaachia wajukuu. Vijana wakiniuliza dawa yangu, nawapa maneno aliyoniambia yule mama, tyubu zikiwa mkononi mwake:

"Baba, mpira haubebi kitu. Kilo zote tisini unabeba wewe. Sogea karibu, chuchumaa, likumbatie gunia, inuka kwa miguu. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, si kiuno. Na kilo tisini ni za watu wawili. Ita mwenzako."